Chanjo Iliyoganda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa darasa la sita alichemsha maji ya kuoshea viwele vya ng'ombe wa shangazi yake. Majirani walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Nyumbani pale aliyemzidi kwa maneno alikuwa shangazi peke yake, na maneno ya shangazi yalikuwa na miiba.

"Leo umeamka, au umeletwa na upepo?" mkamuaji, mzee aliyeajiriwa na shangazi, alikuwa akimtania, huku akinawa mikono.

"Nimeletwa na harufu ya viatu vyako, babu," Chiriku alimjibu, na mzee akacheka mpaka ndoo ikatikisika.

Wakati huo wawili kati ya ng'ombe hao, Bakabaka na Kahawia, walikuwa na mimba. Jioni moja daktari wa mifugo alileta chanjo ya kuwakinga na ugonjwa wa kiwele. Kabla hajawachoma aliitwa kwingine haraka, akamwachia Chiriku chupa.

"Ziweke kwenye friji, mwanangu. Ubaridi wa kawaida tu, zisigande."

"Sawa, daktari," Chiriku aliitikia, akili yake ikiwa kwenye mchezo uliokuwa ukimsubiri nje. Friji ilijaa masufuria. Akaona kwamba baridi ikizidi, dawa itatunzika zaidi, akazisukumia chupa kwenye sehemu ya barafu.

Asubuhi chupa zilikuwa zimeganda kama mawe. Akilihofia domo la shangazi, alizitumbukiza katika maji ya uvuguvugu hadi zikayeyuka, akazifuta vizuri.

"Zimelala salama?" daktari aliuliza.

"Salama kabisa."

Ng'ombe wote wawili wakachomwa.

Bakabaka alizaa kwanza. Siku chache baadaye kiwele chake kilivimba, kikawa chekundu na cha moto, na maziwa yakatoka kama maji yenye madonge. Daktari alimtibu, lakini ng'ombe hakuinuka tena. Alikufa adhuhuri, huku ndama wake angali akikisukuma kiwele kwa pua, akitafuta maziwa.

Shangazi hakulia. Alitafuta mtu wa kumlaumu. Asubuhi iliyofuata, mbele ya wateja waliopanga foleni na vyombo vyao, alimgeukia mkamuaji.

"Mikono yako michafu ndiyo iliyoniulia ng'ombe."

"Mama, mimi hunawa. Muulize huyu mtoto, yeye ndiye anayenimiminia maji."

Wote wakamtazama Chiriku. Akisema ukweli kuhusu mikono, shangazi angetafuta sababu nyingine, na sababu hiyo aliijua.

"Siku nyingine husahau," alisema.

Mteja mmoja aliyamwaga maziwa aliyokwisha kupimiwa, akatema mate pembeni. Mkamuaji aliiweka ndoo chini, akaondoka bila kuaga. Tangu siku ile hakuna aliyempa kazi. Watoto wa mtaani walimfuata wakiimba, "Babu mikono michafu."

Chiriku aliusikia wimbo huo shuleni pia.

Daktari aliporudi kumkagua Kahawia, alimpapasa mgongo. "Huyu bado zaidi ya mwezi. Msiogope, ana kinga."

"Hana," Chiriku alisema.

"Unasemaje?"

"Chanjo iliganda. Niliiyeyusha. Babu alikuwa ananawa kila siku."

Shangazi alimgeukia. "Kumbe nilikuwa nafuga nyoka, tena nikimpa maziwa."

"Chanjo ikiganda huharibika," daktari alisema taratibu. "Ungeniambia asubuhi ile, ningeleta nyingine. Labda Bakabaka angeugua hata hivyo, kwa sababu chanjo haizuii kila kitu, lakini mara nyingi huupunguza ukali. Sasa hatutajua kamwe." Siku hiyohiyo alileta chanjo mpya, akamchoma Kahawia.

Shangazi alimburura Chiriku hadi kwa mkamuaji. Mzee alisikiliza akiwa amekaa mlangoni. Shangazi alipomwomba radhi na kumsihi arudi kazini, mzee alimgeukia mtoto.

"Kugandisha dawa, ulikosea kwa kuwa hukusikiliza. Kosa hilo lingerekebishwa. Lakini mimi ulinisingizia ukijua. Kosa lililofichwa hudai uongo, na uongo hudai mtu wa kuubeba. Ulinibebesha mimi."

"Nisamehe, babu."

"Nitarudi zizini kesho. Utasimama mbele ya foleni uwaambie wewe, kwa sauti ile uliyotumia kunisingizia."

Asubuhi Chiriku alisimama mbele ya wateja, akasema yote. Hakuna aliyempongeza. Yule aliyemwaga maziwa alimwambia, "Toto baya wewe," kisha akasogea kwa mkamuaji, akamnyooshea chombo chake.

Kahawia alizaa salama, na kiwele chake hakikuvimba. Mkamuaji aliendelea na kazi yake, na wimbo ule ukafa mtaani. Chiriku alimmiminia maji kila siku. Mzee alinawa, akamshukuru kwa adabu, lakini hakumtania tena.