Vitabu Si Mpunga

Kila Jumamosi Kalista alifagia uwanja, akateka maji, kisha akashinda shambani akiamia ndege wasimalize mpunga. Alasiri, miguu ikiwa mizito, alikwenda parokiani hapo Usevya kumsaidia babu yake, Katekista Gervas, kutunza kabati la vitabu vya zamani.

Kimoja kilikuwa kitabu cha nyimbo za Kipimbwe, lugha ya kwao. Nakala nyingine haikujulikana ilipo, na wazee waliozijua nyimbo zile kwa kichwa walikuwa wamebaki wachache.

"Wadudu wameingia," Babu alisema siku hiyo. "Fungua kila kitabu hapa kivulini, upanguse kwa brashi, ukurasa kwa ukurasa. Mimi nakwenda kumwona mgonjwa."

Kalista alilitazama rundo, akachoka zaidi. Ukurasa kwa ukurasa mpaka lini? Nyumbani mpunga ukianikwa juani, fukusi hukimbia wenyewe. Basi akatandika turubai uani, akavianika vitabu vyote, akaegemea ukuta kuvilinda. Usingizi haukumwomba ruhusa.

Alipozinduka, majalada yalikuwa yamepinda. Aligusa kitabu cha nyimbo, kona ya ukurasa ikasagika mkononi ikawa unga. Aliogopa sana. Angekisukuma nyuma kabisa ya kabati, nani angejua? Lakini aliona aibu kukificha kitu alichoagizwa kukitunza. Alikaa nacho magotini mpaka Babu akarudi.

"Babu, nimevianika kama mpunga. Nilikuwa nimechoka."

Babu alikipokea kwa mikono miwili, akaitazama ile kona, akamrudishia.

"Mpunga tunautaka ukauke, mjukuu wangu. Karatasi kuukuu ikikauka sana inavunjika. Usikifunge kwa nguvu."

Waliviacha vitabu chumbani vipoe na kulegea, kisha wakaviwekea ubao juu. Baada ya siku kadhaa majalada yalinyooka, ingawa si yote.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Babu alisema. "Ungekificha, tungekuja kukuta vumbi. Na kuchoka si kosa, Kalista. Ukichoka, sema. Usitafute njia ya mkato kwa kitu ambacho hakina cha pili."

Jumamosi iliyofuata Kalista alimwamkia, kisha akasema, "Babu, leo nimechoka."

"Hata mimi," Babu akajibu, akamsogezea kiti.

Walipangusa kitabu kimoja tu, kile cha nyimbo, huku Babu akiimba polepole na Kalista akifuata maneno kwa kidole. Walipofika kwenye kona iliyosagika, Babu aliimba kwa kumbukumbu maneno yaliyopotea. Kalista akayarudia mpaka akayashika.