Mbwa wa Kahiga Amenenepa

"Huyu ameshiba," Wamucii alisema, akanyakua sahani mbele ya kaka yake.

Watiri alikuwa bado mlangoni, begi mkononi, vumbi la Naro Moru viatuni. Hakuna aliyemkaribisha. Aliona sahani ya viazi na njahi ikipita karibu na pua yake, zaidi ya nusu haijaguswa, ikatoka nje na kumwagwa puu mbele ya mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa amenona hata shingo haionekani.

Akamtazama Kahiga, mwanamume aliyepeleka mahari kwao mwaka jana. Kahiga yule aliyekuwa akibeba mtungi wa maziwa begani kama mto wa kulalia! Sasa suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba, mkono wa kulia ukitetemeka gotini, mate yamekaukia kidevuni, shati linanuka maziwa yaliyochacha. Watiri alikunja uso, akarudi nyuma hatua moja.

Kahiga aliuona uso ule, akageukia ukuta.

"Unaniona kinyaa," alisema. Sauti ilikuwa ndogo mno, ikabidi Watiri ainame kumsikia.

"Si uliambiwa usikuje?" Wamucii alirudi akipangusa mikono. "Ama hukusoma meseji?"

"Nilisoma." Watiri akatoa simu, akasoma kwa sauti: "'Watiri, tafuta mwanamume mzima. Sitaki harusi tena. Usikuje Mweiga.' Hii ni wewe ulinitumia, Kahiga. Nimelia wiki mbili. Nimekuja uniambie na mdomo yako."

Kahiga akageuka polepole.

"Mimi? Mimi nilimwambia Wamucii akuandikie uje."

Watiri akamgeukia Wamucii. Vidole vya Kahiga havikuweza tena kubonyeza simu, na sauti yake haikusikika simuni, basi dada yake ndiye aliyekuwa vidole na sauti. Kikulacho ki nguoni mwako, na hizo nguo zenyewe Wamucii alikuwa hazifui.

"Nilikuwa namlinda!" Wamucii alifoka. "Kwa ngurario, hiyo harusi ya kimila, bwana harusi anakata kiande, bega ya mbuzi, mbele ya watu. Na huo mkono? Ati Mweiga yote ije kumcheka?"

"Na kumnyima chakula ni kumlinda?"

"Nani amemnyima? Sahani moja anakula saa nzima! Mimi niko na ng'ombe nne za kukamua. Ugonjwa ndio inammaliza, hata daktari alisema."

"Daktari alisema nini? Lete kitabu ya kliniki."

Wamucii hakusogea. Kahiga alielekeza kidevu kwenye kabati, na Watiri akakitoa kitabu chini ya vitambaa. Kilo sabini na mbili. Sitini na nne. Hamsini na saba. Chini, daktari alikuwa ameandika: *Parkinson. Kutetemeka kunamla nguvu, misuli inapungua. Ale kidogo kidogo mara tano kwa siku. Asiharakishwe.*

"Asiharakishwe," Watiri alirudia. "Wamucii, ulisoma hii?"

"Nilisoma." Sauti ilishuka. "Wewe ukiolewa hapa, mimi niende wapi? Bwana alinifukuza, unajua. Hii boma ndio pekee niko nayo."

Huenda Watiri angemhurumia. Lakini nje mbwa alikuwa akilamba sahani ya mgonjwa, na sauti ya ule ulimi ilisikika hadi ndani.

"Ungeniomba tukae sote, ningekubali," alisema. "Lakini kumpatia mbwa chakula ya ndugu yako? Shindwe!"

Akapiga magoti, akampangusa Kahiga kidevu kwa leso yake.

"Kinyaa niko nayo, Kahiga. Lakini si yako. Na wewe pia umenikasirisha! Mbona hukusema uko na njaa?"

"Niliona haya. Chakula inaanguka, naipaka kila mahali. Hata harufu yake siku hizi siisikii. Nikaona afadhali akiondoa."

"Haya imekupunguzia kilo kumi na tano. Inatosha."

Siku hiyo aliwasha jiko, akapika viazi upya, akaketi naye saa nzima na robo mpaka sahani ikaisha.

Ngurario ilifanyika miezi mitatu baadaye, Kahiga akiwa na kilo sitini na moja. Aliposhika kisu, mkono ulitetemeka, lile bega la mbuzi likateleza hadi ukingoni mwa sinia. Mtu mmoja nyuma akacheka. Watiri alinyoosha mkono amsaidie.

"Wacha nikate," Kahiga alisema.

Akakata. Ilichukua muda, jasho likimtoka, lakini alikata. Kipande cha kwanza alimlisha Watiri, mafuta yakamwenea hadi shavuni, naye hakuyapangusa. Kisha Watiri akamlisha. Kahiga akaanza kutafuna, taratibu, taratibu.

Wamucii, aliyepewa kazi ya kuondoa masinia, alinyoosha mkono kwa mazoea.

"Wacha hapo," Watiri alisema, na hema lote likasikia. "Bwana yangu bado anakula."

Wamucii akabaki amesimama, mkono hewani. Wageni mia mbili wakangoja. Nje ya hema mbwa naye alingoja, na siku hiyo hakupata kitu.