Pindo la Jezi Namba Moja

Msimu ule wa pamba Bariadi ilifurika wanunuzi. Kampuni binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, na kila moja ilitangaza bei yake kwa kipaza sauti juu ya gari. Katikati ya kelele hizo, kwenye baraza la mafundi sokoni, kijana mrefu alijikwaa kwenye cherehani ya Apolonia, akamwaga jezi kumi na moja miguuni pake.

"Mwangaluka, fundi," alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Macho umeyaacha wapi?"

"Samahani, dada. Naitwa Mihayo, golikipa wa chuo cha ualimu. Kampuni ya pamba imetupatia jezi, zote za watu wanene."

Apolonia alivaa gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe, tepu shingoni. Akampima kifua kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

"Nyie ndio mliofungwa sita na Maswa?"

"Tano."

"Hongera."

Wakapendana. Timu iliendelea kufungwa. Kila ilipocheza ugenini, Mihayo alipiga simu dukani kwa Masunga, jirani wa baraza, na Apolonia aliitwa akakimbia pekupeku.

"Apo wangu."

"Ngapi?"

"Nne."

"Wenzenu walikuwa na viatu?"

"Usinicheke, kipenzi."

"Nicheke nini? Nimeshazoea."

Washambuliaji wa timu ile walichana nywele kabla ya mechi, na hiyo ndiyo kazi waliyoifanya vizuri. Katibu wao, Mwalimu Constantine, alisimama juani na suti na tai, akieleza kila kipigo: uwanja una mteremko, refa ana shemeji upande wa pili. Sababu zilipomwishia, alikwenda kwa mganga. Akarudi na habari kwamba kuna mwanamke amefunga kitu ndani ya jezi ya golikipa.

Simu za Mihayo zikakatika. Wiki mbili Apolonia alisimamisha gurudumu la cherehani kila kengele ya simu ilipolia kwa Masunga. Kumbe mwenzake amepata mwingine, aliwaza. Wateja wawili wakaja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, bila kusema kwa nini.

Ndipo Mihayo akatokea na jezi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Imefumuka, mpenzi. Nishonee."

Apolonia akaligeuza pindo, polepole.

"Nguo ikifumuka yenyewe, uzi hukatika ovyo. Hii imekatwa kwa wembe, mshono mmoja mmoja. Ulikuwa unatafuta nini?"

Mihayo akamweleza, macho chini.

"Ukapata nini?"

"Hakuna kitu."

"Kwa hiyo ulitafuta."

"Nilitaka kuwaonyesha kwamba hamna!"

"Ungewaambia kabla ya kutafuta. Wateja wananikimbia, Mihayo. Kesho unakwenda kufundisha watoto wa watu sayansi, na mimi unanifumua kwa sababu hujui kudaka."

"Apo..."

"Sishoni. Jumamosi vaa hivyo hivyo."

"Katibu amesema ichomwe."

"Basi ichome. Na simu usinipigie."

Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho, nyumbani. Apolonia alivaa gauni lake la njano, akasimama nyuma ya goli, mahali ambapo kila mtu angemwona. Minong'ono ikapita. Mihayo aliingia na jezi ile ile, pindo limening'inia, nyuzi zikipepea. Mwalimu Constantine akamkimbilia na nyingine mkononi.

"Vua hiyo, kijana! Unataka tufungwe?"

"Mwalimu, nimeifumua kwa mkono wangu, hamna kitu ndani," Mihayo alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza miwa. "Fundi hana kosa. Mwenye kosa ni mimi niliyewasikiliza. Tunafungwa kwa sababu mpira hatuujui."

Uwanja mzima ukacheka. Katibu akabaki ameshika jezi kama mtu anayeanika nguo.

Wakafungwa sita. La sita lilipita katikati ya miguu ya Mihayo, taratibu, kama mbuzi anayerudi zizini.

Filimbi ilipolia, alikuja nyuma ya goli, jasho na vumbi mwili mzima.

"Sita."

"Nimeona. La mwisho hata bibi yangu angelidaka."

"Apo, nisamehe. Nataka kukuoa."

Apolonia akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. Akachomoa sindano kwenye kola ya gauni lake, ikiwa na uzi tayari.

"Vua."

"Hapa?"

"Vua nishone. Kwa baba siendi na mwanaume anayening'inia nyuzi. Na ukishika wembe tena, uniulize kwanza."

Kule pembeni Mwalimu Constantine alikuwa ameshaanza kuwaeleza watu habari za upepo.