Homa ya Mulwa Haikuwa Malaria

Mulwa na mkewe Kavindu wanalima ndengu na mtama karibu na Kyuso, kaunti ya Kitui. Wana mtoto mmoja, Nzilani, na mama yake Mulwa, Kanyiva, anaishi nao.

Nyuma ya nyumba yao kuna kichuguu kirefu kuliko mtu. Kila jioni Mulwa alitoa kigoda, akaegemea kichuguu hicho na kusikiliza redio. Palikuwa na upepo mzuri, na majirani walizoea kumkuta hapo.

Mwaka juzi, mwezi wa Januari, Mulwa alishikwa na homa. Ndengu zilikuwa zimekomaa. Alinunua dawa za malaria dukani. Homa ilipoa siku mbili, ikarudi. Akanunua nyingine. Mwezi mzima ukaisha hivyo. Mikono yake ilikonda, lakini tumbo lilivimba upande wa kushoto. Asubuhi moja damu ilimtoka puani.

"Hiyo ni bandama," Kanyiva alisema. "Baba yako alikuwa nayo. Tulimchanja tumboni kwa wembe, damu mbaya ikatoka."

"Na akapona, mama?" Kavindu aliuliza.

Kanyiva alitikisa kichwa. "Hapana," alisema. "Tulimzika kabla ya mavuno."

Hakuna aliyetaja wembe tena.

Siku hiyo hiyo Khamisa alifika. Khamisa ni mhudumu wa afya ya jamii. Familia yake inauza nguo sokoni Kyuso, na yeye hutembelea nyumba za kijiji kila mwezi. Alimtazama Mulwa kwa muda.

"Baba Nzilani, homa hii ina siku ngapi?"

"Wiki tano, dada. Ni malaria tu. Nikimaliza kuvuna nitaenda hospitali."

"Utavuna na nini? Hicho kikombe cha chai unakishika kwa mikono miwili."

Mulwa alikiangalia kikombe, akakiweka chini.

"Homa ikipita wiki mbili na tumbo likavimba hivi, nafikiria kala-azar," Khamisa alisema. "Usiende dukani tena. Nenda ukapimwe. Ugonjwa huu usipotibiwa, unaua."

"Na shamba?"

Kanyiva ndiye aliyejibu. "Mwanangu, nilimzika baba yako. Sitakuzika wewe kwa sababu ya ndengu. Nitaita mwethya."

Mwethya ni kikundi cha majirani wa kusaidiana kazi. Jumatatu iliyofuata watu kumi na wanne waliingia shambani, na Mulwa alikuwa njiani kwenda hospitali na Kavindu.

Daktari alimminya tumbo polepole, akamtoboa kidole na kuchukua tone la damu. Baada ya muda mfupi majibu yakatoka. Ilikuwa kala-azar.

"Inatibika," daktari alisema. "Lakini utalazwa. Utadungwa sindano mbili kila siku, kwa siku kumi na saba. Usikimbie ukianza kupata nafuu."

Sindano ziliuma. Siku ya nne Mulwa alitaka kurudi nyumbani. Kavindu alimwambia, "Zimebaki kumi na tatu. Nitazihesabu na wewe." Siku ya saba homa haikurudi. Siku ya tisa Mulwa aliuliza kama kuna muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Kavindu alitoka nje ya wodi ili Mulwa asimwone akilia kwa furaha.

Waliporudi nyumbani, Khamisa alikuja kuwaona. Mulwa alimuuliza, "Dada, nilitoa wapi ugonjwa huu?"

Khamisa aliwapeleka nyuma ya nyumba. "Kuna mdudu anaitwa usubi. Ni mdogo kuliko mbu na haimbi sikioni. Mchana anajificha mahali penye giza na unyevu, kama ndani ya kichuguu na kwenye nyufa za ukuta. Jua likishuka anatoka kuuma watu. Akimuuma mgonjwa wa kala-azar, kisha akuume wewe, anakuambukiza."

"Na mimi nilikuwa nakaa mlangoni kwake," Mulwa alisema. Wote walicheka, hata Kanyiva.

Wiki hiyo Kavindu na Kanyiva walikanda udongo wakaziba nyufa zote za nyumba. Kila mtu alianza kulala ndani ya neti yenye dawa. Mulwa alihamishia kigoda chake upande wa mbele, mbali na kichuguu, na Nzilani akakatazwa kuchezea huko nyuma. Miezi sita baadaye Mulwa alirudi kuangaliwa. Daktari aliminya tumbo, akakuta liko sawa.

Mwaka huu, baada ya mvua kuanza, jirani yao Kivuva alipatwa na homa. Siku ya kumi na tano bado alikuwa akitafuta vidonge dukani. Mulwa alipata habari, akaenda kwake na pikipiki.

"Panda, twende," alimwambia.

"Ni homa kidogo tu, Mulwa. Hata tumbo langu halijavimba."

"Ndiyo maana tunaenda leo."

Kivuva alipimwa, akakutwa na kala-azar, akaanza sindano jioni ile ile. Hakukonda, hakutokwa na damu puani. Siku ya kumi na nane alirudi nyumbani akitembea mwenyewe, na asubuhi iliyofuata alikuwa shambani kwake, akipalilia mtama.