Kikohozi Ukingoni mwa Ziwa

Tulinagwe alifundishwa kuvua samaki na simu, na hilo peke yake lilitosha kuwachekesha watu wa Masoko. Mumewe Obed, aliyekuwa kwenye vibarua Dar es Salaam, alimtumia video ya jamaa mmoja wa pwani akiwaelekeza wanaoanza. Ndoano iwe ndogo. Funga kipande cha risasi kwenye mshipi. Simama ukingoni, rusha, kisha usubiri maji yajae. Ziwa la pale Masoko halijui kujaa wala kupwa, lakini mwalimu mwingine angemtoa wapi?

Hakuwa anacheza. Mwanawe Ezron, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amekonda mpaka mashati yakawa yanampwaya. Muuguzi alisema apewe mayai na samaki. Kuku walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa wa kideri. Basi Tulinagwe akanunua ndoano dukani kwa Zuber kule Bulyaga, akakata mwanzi, akachimba minyoo chini ya migomba, na Jumatatu jioni akamwacha mtoto kwa jirani, akateremka ziwani.

Alisimama juu ya jiwe pana, akarusha. Akavuta. Ndoano tupu. Akarusha tena. Minyoo karibu yote ikaliwa, samaki asionekane hata mmoja, na ukungu ukaanza kushuka.

Ndipo aliposikia kikohozi nyuma yake.

Kho... kho-kho.

Alikijua. Kimoja kikavu, kisha viwili vya haraka. Kilikuwa cha baba mkwe wake, mzee Yohane. Sura yake hakuijua, kwani kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akimsikia anakuja, mkamwana huacha njia, hujifunika na kugeuza uso. Mabinti wa siku hizi wanawapa wakwe zao mkono bila wasiwasi, lakini mama mkwe wake, Ikupa, alikuwa mtu wa kale, na Tulinagwe mwenyewe alikuwa mtiifu kupita kiasi. Miaka sita ya ndoa, nyumba zikitenganishwa na shamba la migomba tu, na mzee yule yeye alimfahamu kwa kikohozi tu.

Akavuta kitenge kichwani, macho yake majini.

"Usirushe mbali," sauti ilinong'ona. "Wako hapa karibu. Subiri maji yajae."

Akarusha karibu. Mshipi ukakaza papo hapo. Perege, mnene, wa kujaza kiganja.

"Ndaga, taata," akamshukuru mkwewe, bila kugeuka.

Usiku ule Ezron alikula mpaka akalamba sahani, na mama yake akalia kwa furaha pale jikoni.

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano pia. Kikohozi, mnong'ono, samaki. Lakini Tulinagwe alikuwa mtu wa kuhesabu mambo kichwani, na hesabu zilianza kumkataa. Kwanza, baba mkwe wa kimila haongei na mkamwana, hata kwa kunong'ona. Pili, njia ya kuteremkia ziwani ilijaa majani makavu, mbona hakuwahi kusikia nyayo? Tatu, ile harufu. Harufu ya tope lililolala chini miaka mingi, iliyokuja pamoja na kikohozi na kuondoka nacho.

Na maji. Kila jioni sauti ikisema subiri, maji yalikuwa yanapanda kweli. Taratibu... mpaka yakalamba vidole vyake juu ya lile jiwe.

Alhamisi asubuhi akampitia mama mkwe. Ikupa alikuwa mlangoni, anafunga chakula kwenye kitambaa, macho mekundu.

"Mama, baba hajambo?"

"Yupo," Ikupa akajibu upesi, upesi mno. "Kwa nini unauliza?"

"Simsikii kukohoa."

"Si nimesema yupo?"

Tulinagwe akajituliza. Kama hakohoi nyumbani jioni, si ndiyo maana yuko ziwani? Tena Ezron alikuwa ameanza kunenepa. Mama gani angevuruga neema ya namna ile kwa kugeuza shingo?

Jioni ile samaki walikuwa watatu. Kisha sauti ikasogea, karibu na kisogo chake.

"Mjukuu wangu sijamwona siku nyingi. Kesho mlete. Mweke nyuma yako, uniachie nimtazame."

Tulinagwe akakaza kitenge kichwani.

"Umenipa?"

Mkamwana hamnyimi mkwe wake. Ulimi ulijibu kabla moyo haujakaa sawa.

"Ndaga, taata. Ni wako."

Ijumaa alimshika Ezron mkono, wakateremka. Njia nzima alijuta. Mara mbili alisimama arudi, na mara mbili akajiona mjinga, anamwogopa babu wa mtoto. Ukingoni akamsimamisha nyuma yake, akavuta kitenge, akarusha mshipi.

Kho... kho-kho.

"Shikamoo babu," akasikia Ezron akisema.

Simu ikatetemeka kifuani. Alikuwa Ikupa. Tulinagwe akapokea kwa kunong'ona.

"Mwanangu, nisamehe," Ikupa alisema. "Nimekuficha. Baba yako tumemlaza huku hospitali Makandana tangu Jumapili. Tulinyamaza ili wabaya wetu wasifurahie. Leo anaongea. Anamuulizia Ezron."

"Baba yuko... huko?"

"Nimekaa kitandani kwake. Si huyo, msikilize."

Kwenye simu, mbali kidogo, mzee akakohoa. Kimoja kikavu. Viwili vya haraka.

Na nyuma yake, ukingoni, kikajibu.

Kho... kho-kho.

Tulinagwe akageuka.

Hapakuwa na mtu.

Maji yalikuwa yamezunguka nyuma ya jiwe, mahali palipokuwa nchi kavu. Ezron alikuwa ndani yake, yamemfika kifuani, anatembea polepole kuelekea kwenye ukungu. Mkono mmoja ulikuwa juu, kama mtoto aliyeshikwa na mtu mzima.

Alijitupa. Akamkamata kiunoni, akavuta. Hakuja. Akavuta tena kwa nguvu zote za mama, akilitaja jina la Yesu, na kitu upande wa pili kikaachia bila haraka. Alipanda kilima akiwa amembeba mgongoni, mwanzi na minyoo akaviacha hukohuko.

Ikupa aliposimuliwa, aliuliza jambo moja tu. "Ulimjibu?" Tulinagwe akamwambia alichojibu. Mama mkwe akakaa chini polepole. "Sijui ni nani," akasema. "Hata wazee wetu hawakumtaja jina. Lakini alijua hutageuka."

Mzee Yohane aliporudi nyumbani alimwita mkamwana wake mbele ya watu. "Vua kitenge," alisema. "Niangalie, mwanangu. Ujue uso wangu." Tulinagwe akamtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzee wa kawaida tu, macho ya upole, na wote wawili wakatokwa na machozi.

Ziwani hakurudi. Ezron sasa ana afya, anakula chochote. Ni mkono wa kulia tu ambao haupati joto, hata ukiuweka karibu na moto.

Juzi, mama yake akimkanda mkono huo kwa maji moto, mtoto alimuuliza taratibu, wala hakuwa na huzuni.

"Mama, babu wa kule ziwani anasema ulishampa mimi. Sasa mbona bado nakaa kwako?"