Kigingi Kwenye Viazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kibibi alifagia ua, akateka maji kwenye bomba la mtaa, kisha akampeleka mbuzi malishoni. Mbuzi mwenyewe hakuwa wa kuchezewa. Baba yake Kibibi, Mzee Dawud fundi cherehani, alimnunua kwa wafugaji kule Doldol kwa ajili ya Idi. Alikuwa beberu mwenye shingo nene, na adabu za mji wa Nyeri hakuzijua kabisa.

Malisho yalikuwa kwenye ardhi ya baraza la mji, bondeni chini ya mtaa wao. Kwa muda mrefu ardhi hiyo ilikaa wazi, na akina mama waliruhusiwa kulima humo. Sasa Uhuru ulikuwa umetimiza miaka kumi, na baraza lilipanga kujenga nyumba za mawe zenye maji ndani. Watakaopewa kwanza ni wapangaji wa vyumba vya udongo vya mtaani. Wapimaji walikuwa wamekwisha kupigilia vigingi vyenye rangi nyekundu kuonyesha pembe za nyumba.

Siku moja Kibibi alichelewa. Badala ya kutafuta mti, alimfunga mbuzi kwenye kigingi kimojawapo, kilichosimama katikati ya viazi vya Mama Ngendo, jirani yao, akakimbilia shule. Aliporudi, alimkuta beberu kando ya barabara, anakula majani ya ua wa watu, huku akikokota kamba na kigingi chake.

Kibibi alitazama huku na huku. Hakuna aliyemwona. Alikigongomea kigingi kwa jiwe pembeni mwa matuta, asije akakanyaga viazi vya watu, akaenda zake. Kwake kilikuwa kipande cha mti tu. Alizaliwa mjini, kwenye chumba cha kupanga, na hakujua kwamba kwa wakulima wa nchi ile kusogeza alama ya mpaka ni aibu ya ukoo mzima.

Wiki iliyofuata wajenzi walivuta kamba yao, na pembe ya nyumba ikakataa kukaa sawa. Bwana Wamae, msimamizi wa ujenzi, alipima tena na tena. Kigingi kimoja kilikuwa kimehama, na kwa kuhama kwake kilikuwa kimeviepuka viazi vyote vya Mama Ngendo.

Bwana Wamae akamwita mbele ya watu. "Mama, wewe ndiye uliyeomba tungoje viazi vikomae. Sasa kigingi kimetembea chenyewe, ati?"

"Mimi sijaguza hiyo kigingi," alisema Mama Ngendo. "Nimezaliwa kwa wakulima. Unaniambia mimi nimesongeza mpaka? Afadhali ungeniita mwizi."

"Anayehamisha alama za baraza hapewi nyumba ya baraza. Kesho nitawaleta wakubwa wangu waamue."

Kibibi alikuwa pale pale, amesimama na wenzake. Alijitia hamnazo. Jioni aliuacha ugali wake sahanini. Baba yake alipomuuliza, alisema jino linamuuma.

Asubuhi darasani alimkuta Ngendo, rafiki yake wa dawati moja, amevimba macho. Watoto wengine walikuwa wakinong'ona nyuma yake.

"Tunahamia Kiganjo kwa mjomba," alisema Ngendo. "Mama hataki kukaa mahali anaitwa msongeza mipaka. Hata nyumba hataki tena."

Kibibi aliona haya mpaka akatamani kujificha chini ya dawati. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani ya baba yake, akaeleza yote huku akilia. Alingoja kofi. Mzee Dawud alikunja kitambaa alichokuwa akikishona, akasema, "Jipanguse uso. Twende ukayaseme hayo kwa wanaotakiwa kuyasikia."

Bondeni wakubwa walikuwa wamekwisha kufika. Mama Ngendo alisimama peke yake, majirani wamemkalia mbali. Kibibi alipiga moyo konde.

"Ni mimi," alisema. "Nilifunga mbuzi wetu kwenye kigingi, akaking'oa. Nilikirudisha ovyo. Mama Ngendo hana kosa."

Bwana Wamae alikunja uso. "Mzee Dawud, mtoto anaweza kufundishwa maneno."

"Kitazameni," alisema Kibibi, akikionyesha kigingi kwa kidole. "Kamba imekula rangi."

Bwana Wamae aliking'oa kigingi. Chini ya kichwa chake, rangi ilikuwa imekwanguka duara zima, na nywele za mbuzi zilikuwa zimenasa kwenye ufa. Akavua kofia. "Mama, nilikuaibisha mbele ya watu. Naomba radhi mbele yao hao hao. Nyumba utapewa kama wenzako."

Kigingi kilirudi kati ya viazi. Baraza likakubali kuanza kuchimba msingi upande wa pili, ili Mama Ngendo apate nafasi ya kuvuna, naye akaiacha safari ya Kiganjo.

Jumamosi Kibibi alikwenda kumsaidia bila kuitwa. Ngendo hakumsemesha. Walichimba tuta la kwanza kimya, na Kibibi aliumia kuliko kama angetukanwa. Kwenye tuta la pili Mama Ngendo aliegemea jembe lake.

"Mbuzi kung'oa kigingi ni kitu ndogo, mtoto wangu," alisema. "Mimi najua kila tuta yangu. Ungekuja kuniambia siku hiyo, tungeirudisha mahali yake na ningekupa chai. Ulificha kosa, ikatafuta mtu mwingine ya kuangukia, ikanipata mimi. Siku ingine ukikosea, usingoje. Sema kwanza, ulie baadaye."

Kibibi aliitikia, akainama kuokota viazi. Ngendo alisogeza gunia katikati yao, ili wote wawili walifikie.