Mbiti Hachezi Tena

Siku ya gulio Ngara mjini, ukitaka kupita na miguu yako miwili inabidi kwanza uombe ruhusa kwa mikungu ya ndizi. Asubuhi hiyo akina mama wa Kirushya walikuwa wameshusha ndizi na magunia ya maharage mpaka mlangoni mwa kibanda cha fundi simu. Ndani ya kibanda, watu saba walikuwa wanasema kwa wakati mmoja, kila mmoja ameshika simu yake inayoumwa.

Fundi mwenyewe ni Deodata. Alivaa sweta la njano kwa sababu ya baridi, kitenge chekundu kwa sababu anajua kinampendeza, na bisibisi ndogo ameichomeka kwenye nywele alizosuka kama wengine wanavyochomeka ua.

"Anayefuata!"

Akajisogeza kijana mrefu mwenye ovaroli la bluu lililotobolewa na cheche za kuchomelea. Ungemsimamisha kwenye jua, mwanga ungepita kama kwenye chujio la chai. Alimpa Deodata simu.

Deodata aliigeuza kwenye mwanga, kisha akacheka.

"Kaka, hii haijaanguka."

"Sijasema imeanguka."

"Wala haijaingia maji. Hii imesuguliwa! Angalia hapa kushoto, angalia na hapa kulia. Kioo kimeliwa na madole gumba mawili. Wewe ni mcheza gemu."

Kijana aliangalia chini kama aliyekutwa anakula sukari kabatini. "Kidogo tu, dada."

"Kidogo? Huko unaitwa nani?"

"Mbiti 07." Mbiti ni fisi kwa Kisukuma.

Deodata alisimama. "Wewe! Jumapili umeniua mara nne! Na mara ya mwisho nilikuwa nimejificha chooni!"

"Kumbe Malkia wa Nyamiaga ni wewe? Umekaa kwenye kile choo dakika kumi!"

"Nilikuwa napanga mikakati."

"Chooni?"

Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri betri yake aliwageukia wenzake. "Jamani, mmesikia? Watu wanauana vyooni, na fundi anacheka."

Kijana huyo aliitwa Maduhu. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakajenga Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo, na yeye akaja Ngara kufanya kazi ya kuchomelea mageti na madirisha. Simu ilipona siku hiyohiyo. Moyo wake ndio uliobaki kwenye kile kibanda, na hakurudi kuudai.

Wakawa wanacheza upande mmoja. Jioni wakishafunga kazi, Deodata akiwa nyumbani kwao Nyamiaga na Maduhu kwenye chumba chake cha kupanga mjini, wanaingia kwenye gemu, wanawasha maiki, na maadui wanapata tabu.

"Fisi wangu, nyuma yako!"

"Nimemwona. Umekula, Malkia?"

"Nimekula ndizi na maharage. Umebaki wewe."

"Nipige risasi basi nife na furaha."

Wenzao kwenye timu walikuwa wanazima maiki kwa aibu. Fabiani, kiongozi wa timu, kijana mwenye miwani ya jua hata siku za ukungu, alilalamika kila siku kwamba hii ni vita, siyo harusi. Ila alivumilia, kwa sababu Mbiti 07 akiwepo, timu inashinda.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kushinda.

Maduhu hakujua ni siku gani hasa gemu iligeuka kuwa kibarua. Ilianza kumpangia kazi za kila siku: ua kumi, okota ishirini, ingia kila jioni au cheo kitashuka. Fabiani naye akampangia zake. Watu asiowajua, wa mikoa asiyoijua, wakawa wanamtukania mama yake kupitia spika za masikioni, mama ambaye muda huo yupo zake Nyarubungo anapepeta mpunga. Ule muziki wa kufungulia gemu, uliokuwa unamfanya ajikune kwa hamu, sasa aliuzima haraka kabla haujaisha. Alikuwa anashinda na hasikii kitu, kama mtu anayekula pilau akiwa na mafua.

Alijaribu kupumzika siku mbili. Fabiani akapiga simu mara kumi na tisa. Aliifuta gemu, akairudisha. Akaifuta tena, akairudisha tena. Mara ya tatu aliificha simu kwenye boksi la vyuma chakavu, na saa moja baadaye alikuwa anavichambua vyuma kama kuku.

Na kila alipotaka kuacha kabisa, swali moja lilimkaba: Malkia alimpenda nani? Alimpenda Maduhu mwenye ovaroli la matundu, au alimpenda Mbiti 07? Akimzika Mbiti, je, atabaki na mchumba?

Mwishowe alipiga simu.

"Deo, nataka kuacha gemu."

Deodata alikuwa anabadilisha kioo cha mteja, simu ameibana kati ya sikio na bega. Alicheka. "Wewe? Utarudi kabla ya Ijumaa, fisi wangu."

Alisema kwa utani, ila Maduhu alimeza kile kicheko kama mwiba wa samaki.

Wiki hiyo alikwenda Nyarubungo kusaidia kuvuna. Huko kwao wana kundi la kulima, na kundi lina taratibu zake. Mkishajipanga kwenye mstari shambani, hakuna kutoka na kuacha pengo. Ukichoka, au ukiitwa nyumbani, unamkabidhi mwingine jembe lako palepale uliposimama, naye anaendelea na mstari wako. Mtu anayeondoka na jembe lake huwa anasemwa mpaka msimu ujao.

Maduhu alikulia kwenye taratibu hizo. Kwa hiyo alipoamua kuacha, hakufuta akaunti. Alimwita rafiki yake Emilian, aliyekuwa anaitamani gemu hiyo kuliko mshahara, akamwekea simu yake ya kioo kiganjani na akaunti ikiwa ndani.

"Shika mstari wangu. Usiache pengo."

"Yaani Mbiti ni mimi?"

"Mbiti ni wewe. Mimi nimechoka."

Aliweka laini yake kwenye kitochi cha vitufe, akarudi Ngara. Alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miezi minane. Kosa lake lilikuwa moja: hakumwambia Malkia kwamba jembe limekabidhiwa. Alitaka kwanza Ijumaa ipite, aende kibandani, amwambie, "Umeona? Sijarudi."

Alhamisi mchana Deodata alifungua gemu. Kile kitone cha kijani kilikuwa kinawaka pembeni ya jina. Mbiti 07 yupo hewani.

Alitabasamu. Kumbe hata Ijumaa hakufika! Kisha akasoma mstari wa chini yake: anacheza pamoja na Happy.

Tabasamu likajikunja. Akaandika: "Upo na nani?"

Huko Biharamulo, Emilian, ambaye hakujua kama Malkia wa Nyamiaga ni mtu au kata, alikuwa anamfundisha mchumba wake kulenga. Akajibu haraka: "Nipo na mpenzi wangu. Usitusumbue."

Deodata aliisoma mara tatu. Kisha akafunga skrubu ndogo kwa nguvu mpaka ikakatika kichwa.

Jioni Maduhu alipiga.

"Malkia wangu, umeshindaje?"

"Nimeshinda vizuri. Wewe je, hujachoka kufundisha?"

"Kufundisha nini?"

"Maduhu, usinifanye mtoto. Ulisema umeacha."

"Na nimeacha."

"Umeacha kucheza na mimi! Sema hivyo, mbona ni Kiswahili chepesi!"

"Sasa Deo, mtu akichoka gemu ni kosa? Ulitaka nicheze mpaka nizikwe nayo?"

"Endelea na unachokifanya. Sitakusumbua tena." Akakata.

Sasa ona jinsi watu wawili wenye akili wanavyoweza kuwa wajinga kwa pamoja. Mmoja alikuwa na hakika ameachwa kwa sababu ya mwanamke. Mwingine alikuwa na hakika ameachwa kwa sababu ya gemu. Na wote wawili walikuwa na kiburi cha kutosha kulisha tarafa nzima. Maduhu alipiga mara mbili zaidi, hakupokelewa, akakiweka kitochi mfukoni. Kama alimpenda Mbiti, akamtafute Mbiti.

Jumamosi Fabiani alimjia kazini. Wiki mbili zijazo kulikuwa na mashindano, na Mbiti aliyekuwa anaonekana hewani siku hizi alikuwa anapiga risasi ukutani.

"Kaka, umerogwa? Jana umejilipua mwenyewe mara mbili!"

"Siyo mimi. Nimemkabidhi mtu. Mfundishe."

"Wewe ndiye Mbiti! Watu wanakujua mpaka Mwanza! Unaumwa?"

Maduhu alivua miwani yake ya kuchomelea. "Siumwi. Sijarogwa. Sijaokoka na sijakatazwa na mtu. Nimechoka, Fabiani. Kitu kilikuwa mchezo, mmekigeuza zamu. Mimi zamu ninayo hapa, na hii walau nikimaliza, mtu anapata geti."

"Utajuta. Utabaki mtu wa kawaida."

"Basi nitakuwa wa kawaida mpaka mkome. Na mkinipigia simu mara kumi na tisa, kitochi kinakaa na chaji wiki nzima, nitawaangalia tu mnavyoita."

Fabiani aliondoka akitikisa kichwa. Maduhu alirudi kwenye kazi aliyokuwa ameificha nyuma ya karakana: meza ya chuma. Malkia alikuwa amelalamika miezi mitatu kwamba meza yake ya mbao inayumba na skrubu zinadondoka zikaliwe na kuku. Alianza kuitengeneza kabla ya ugomvi. Moyo ulimwambia aiuze kwa mwingine. Akaujibu kwamba ahadi siyo gemu, haifutwi.

Siku ya gulio iliyofuata, wauza ndizi waliona meza inatembea. Ilikuwa imegeuzwa miguu juu, na chini yake kulikuwa na ovaroli la bluu.

"Jamani pisheni! Hii ikikuangukia ni hospitali!"

Alisimama mlangoni mwa kibanda, mikono yote miwili juu, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni. Yule mzee wa betri, ambaye betri ilikuwa imemrudisha tena, akajisogeza kando apate kuona vizuri.

"Nimeleta meza," alisema Maduhu.

"Sikuagiza meza," alijibu Deodata bila kuinua macho.

"Uliagiza mwezi wa pili. Na mimi sijaja kubembeleza. Nimekuja kusema hivi: nimeacha gemu, sirudi, na kama ulimpenda Mbiti, samahani, yule amekwisha. Huyu aliyebaki anabeba meza."

"Amekwisha?" Deodata aliichukua simu yake, akamgeuzia uso wa simu kwa hasira. "Amekwisha wakati namwona hapa, yupo hewani sasa hivi na huyo Happy wake? Kila siku yupo! Unaniona mimi..."

Akaigeuza simu tena upande wake.

Aliangalia kitone cha kijani. Aliangalia mikono miwili iliyoshika meza juu. Aliangalia tena kitone. Akabonyeza, akaingia kwenye gemu, akawasha spika. Sauti nzito ikajaza kibanda:

"Happy, mpenzi, siyo huko! Huo ni ukuta! Usiupige, haujatukosea!"

"Wewe ni nani?" aliuliza Deodata kwenye maiki.

"Mimi Emilian wa Nyarubungo. Maduhu kaniachia jembe lake. Na wewe nani?"

Mzee wa betri akasema taratibu, "Fundi, mwambie kijana aitue hiyo meza. Shingo inazama."

Deodata alicheka mpaka bisibisi ikachomoka kwenye nywele. Machozi nayo yalikuwepo, ila aliyafuta na sweta haraka, wateja wasije wakaomba kupunguziwa bei.

"Kwa nini hukuniambia, fisi wewe?"

"Nilikuwa nasubiri Ijumaa ipite. Ulisema nitarudi." Aliitua meza, akanyoosha mgongo. "Na niliogopa. Ulinipenda nikiwa nashinda."

"Nani kakudanganya? Nilikupenda siku ulipoleta simu iliyosuguliwa ukaona aibu. Washindi wamejaa mtandaoni, na wengi wana midomo kama choo cha stendi." Akamsogelea, akamshika kola yenye matundu. "Ila sikia. Mimi siachi. Naipenda bado, nacheza vizuri, na mashindano naingia."

"Nani kakwambia uache? Nimekutobolea tundu hapa pembeni mwa meza. La kusimamishia simu, mkono usikuume."

Deodata alipitisha kidole kwenye lile tundu. Mtu anayeichukia gemu alikuwa amelisugua kingo zake zote kwa msasa, lisimkwaruze anayeipenda.

"Jumapili uje kwa mama," alisema.

Jumapili Nyamiaga ilikuwa na jua la kukaushia maharage. Maduhu alivaa shati jeupe ambalo cheche hazijalijua. Mama Eufrazia alitenga rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu na mirija miwili, akamkaribisha, kisha akamchunguza kuanzia viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe ni wa hayo mambo ya kupigana kwenye simu?"

"Nilikuwa, mama. Nimeacha."

"Afadhali. Na huyu binti yangu ameacha lini?"

"Sijaacha, mama," alijibu Deodata kutoka ndani. "Na siachi. Mashindano ni Jumamosi."

Mama alishusha pumzi. "Basi mkioana, huyu akiwa vitani, jioni atapika nani?"

Maduhu aliinamia mrija, akavuta rubisi taratibu, akaunyoosha mgongo wake wa kubebea meza.

"Mimi, mama. Siku hizi vidole vyangu havina kazi nyingine jioni."

Ndani ya nyumba, maiki ikiwa imewashwa, Malkia wa Nyamiaga aliwaambia wenzake wa timu wasubiri kidogo. Akatoka mpaka barazani, akauchukua mrija wa pili, akakaa karibu naye.